Umeme Ulio Hewani: Kifaa Kipi Kitaishi Bila Betri, na Kipi ni Hadaa

Hotuba hii ilitolewa na mhandisi wa Idara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Kaunti katika kikao cha kupokea maoni ya wananchi kuhusu pendekezo la kununua tagi za mifugo na mita mpya za maji. Tunaichapisha kwa sababu wakazi wengi waliomba nakala.

 

Nimepewa nusu saa nieleze jambo moja: kama ni kweli kifaa kinaweza kufanya kazi bila betri, bila waya na bila sola, kwa kutumia mawimbi ya redio yanayopita hewani. Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ni ndogo mno, na katika udogo wake ndimo pesa za watu zinamopotelea.

Mnajua kinachouzwa sokoni siku hizi. Kuna kibandiko ambacho ukikibandika nyuma ya simu, unaambiwa itajichaji kwa mawimbi ya mnara. Na kwa ndugu zetu wafugaji, habari inayozunguka ni ya tagi ya sikioni "inayojichaji hewani", ambayo eti itakuonyesha kwenye simu mahali ng'ombe wako alipo, hata akivushwa mpaka wa kaunti usiku. Wapo waliokwisha kuanza kuchangishana. Nawaomba wasubiri hadi nimalize kuzungumza.

Tuanze na wimbi lenyewe. Mnara wa simu, kituo cha runinga, ruta ya WiFi, vyote vinarusha nguvu. Nguvu hiyo inasambaa kila upande, inagonga kuta, miti, mabati, na sisi wenyewe. Ukiweka kipande cha chuma cha urefu unaofaa njiani mwake, umeme mdogo utaanza kutikisika ndani ya hicho chuma, ukienda mbele na kurudi nyuma mamilioni ya mara kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo antena. Umeme wa kwenda na kurudi hivyo hauwezi kujaza chochote, kwa hiyo unapitishwa kwenye daiodi, ambayo ni kama mlango wa zizi unaofunguka upande mmoja tu: kinachoingia hakirudi. Kisha unahifadhiwa kwenye kapasita, ambayo ni mtungi wa umeme, hadi utoshe kufanya kazi. Antena, mlango na mtungi. Hakuna siri nyingine.

Wala si jambo la jana. Heinrich Hertz, Mjerumani, alionyesha kwamba mawimbi haya yapo katika miaka ya 1887 na 1888, na haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kusikiliza redio za jiwe, ambazo hazikuwa na betri kabisa. Katika Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na wanajeshi waliojitengenezea redio za namna hiyo mahandakini kwa wembe na waya. Sauti waliyoisikia masikioni iliendeshwa na nguvu ya kituo cha redio chenyewe, si kitu kingine. Kwa hiyo kama kuna mtu atakayekuambia kwamba kuvuna mawimbi ni uvumbuzi mpya wa siri ambao kampuni kubwa zinauficha, mwambie babu zetu waliuweka sikioni.

Yupo pia Nikola Tesla, ambaye jina lake hutajwa kila mara na wauza hadaa. Tesla alianza kujenga mnara huko Wardenclyffe, karibu na New York, mwaka 1901, akitumaini kutuma ujumbe na hatimaye umeme kuvuka dunia bila waya. Fedha zilikwisha, mnara haukukamilika kama alivyotaka, ukabomolewa mwaka 1917. Watu husema alizuiliwa. Ukweli ni kwamba umeme unaorushwa kila upande hupotea, na hesabu hiyo haimjali mwenye jina kubwa wala mwenye jina dogo.

Kuna aliyefaulu. Mwaka 1964, mhandisi wa Marekani aitwaye William Brown wa kampuni ya Raytheon alirusha helikopta ndogo isiyo na mafuta wala betri, ikisukumwa na mawimbi yaliyoelekezwa kwake kutoka chini. Mwaka 1975 kule Goldstone, California, yeye na wenzake walituma nguvu ya zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilomita moja na nusu. Hiyo ingetosha nyumba nyingi hapa kwetu. Lakini angalieni walivyofanya: sahani kubwa ya mita 26 ikilenga mahali pamoja, kama mtu anayemwaga maji kwa mpira badala ya kunyunyiza. Mnara wa simu hauilengi nyumba yako. Unanyunyiza.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi jioni.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo cha Imperial, London, walichapisha matokeo ya kupima mawimbi nje ya vituo 270 vya treni za chini ya ardhi jijini humo. London ni jiji lenye minara kila kona. Hata huko, katika kila kundi la masafa ya simu, wastani haukufika nanowati 100 kwa kila sentimita mraba. Nanowati moja ni wati iliyogawanywa mara bilioni moja.

Chukua basi kile kibandiko cha simu. Mgongo wa simu una kama sentimita mraba 100. Mpe muuzaji faida yote: mpe nanowati 100 kwa kila sentimita, na umpe kifaa kisichopoteza hata chembe. Atavuna nanowati 10,000, yaani maikrowati 10. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi hubeba kama wati-saa 19. Gawanya. Utahitaji zaidi ya miaka 200 kuijaza simu mara moja, ikiwa imezimwa. Ukiiwasha haitajaa milele, kwa kuwa hata ikilala mfukoni simu inatumia zaidi ya hapo mara nyingi sana. Na kumbuka tumempa muuzaji London. Hajaja kwetu ambako kuna kata nzima inayotegemea mnara mmoja kilimani.

Mwaka 2010, kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas, kampuni moja ilionyesha kidude kilichodaiwa kuichaji simu kwa WiFi. Magazeti yaliandika sana. Kidude hakikufika madukani. Sababu ni hiyo hesabu niliyowafanyia sasa hivi.

Kuna jambo jingine ambalo mvunaji hawezi kulikwepa. Ukiwa mbali na mnara mara mbili zaidi, nguvu haipungui nusu, inabaki robo. Mara tatu zaidi, inabaki sehemu moja kati ya tisa. Mara kumi, moja kati ya mia. Ndiyo maana video ya mtu aliyekaa sentimita tano kutoka kwenye ruta akiwasha taa ndogo haithibitishi chochote kuhusu boma lako.

Na kabla sijaendelea, linganisheni na jua. Jua la saa sita mchana hapa kwetu linaleta kama miliwati 100 kwa kila sentimita mraba. Mawimbi ya London, nanowati 100. Jua limezidi mara milioni moja. Sola ni kuvuna mvua. Mawimbi ni kuvuna umande. Umande upo, na kuna mdudu anayeishi kwa umande. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayeweka tangi la lita elfu kumi akingoja umande ulijaze, mvua ikiwa inanyesha uani kwake.

Basi huo umande unamfaa nani? Unakifaa kifaa chenye kiu ndogo sana, na kilicho mahali ambapo jua halifiki.

Watafiti wawili wa Marekani, Alanson Sample na Joshua Smith, walielekeza antena kwenye mnara wa runinga mjini Seattle, kilomita 4 hivi kutoka walipokuwa, wakapata maikrowati 60. Kwa hizo waliendesha kipimajoto chenye kioo cha kuonyesha namba, cha aina inayotumia betri ndogo ya kawaida. Mwaka ulikuwa 2009. Mnara ule ulikuwa na nguvu kubwa na antena yao ilikuwa imeulenga, lakini kipimajoto kilifanya kazi, na umeme haukulipiwa.

Maikrowati 60 zinaweza kufanya nini zaidi? Hapa ndipo kazi ya mtungi inapoonekana. Wanachama wa chama wanajua: shilingi hamsini kwa siku hainunui kitu, ila baada ya miezi inanunua godoro. Kifaa kinachotuma ujumbe mfupi kwa redio ya LoRa, ambayo hufika kilomita kadhaa, hutumia kama miliwati 100 kwa sekunde moja hivi kisha kinalala. Ukiwa na maikrowati 60, utakusanya nguvu ya ujumbe huo kwa karibu nusu saa. Kwa hiyo kifaa kikilala sana na kuongea kidogo, kinaweza kukuambia mara chache kwa siku kwamba udongo umekauka au tangi limefika nusu.

Kuna njia ya busara zaidi, nayo ni kutorusha wimbi lako mwenyewe kabisa. Mnamkumbuka mtoto anayechukua kipande cha kioo na kuwamulika wenzake kwa mwanga wa jua? Yeye hana tochi wala betri. Anachofanya ni kugeuza kioo, na mwenzake ng'ambo anaona mmweko: upo, haupo, upo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha vifaa viwili vikizungumza hivyo kwa kuakisi mawimbi ya runinga. Mwaka 2015 walifanya ruta ya WiFi iendeshe kamera ndogo mita 5 kutoka hapo, ikipiga picha moja kila baada ya zaidi ya nusu saa. Mwaka 2017 wakatengeneza simu isiyo na betri iliyotumia maikrowati 3 na nusu, ikaweza kupiga na kupokea. Ilihitaji kituo chake maalumu, umbali usiozidi mita 15, na sauti yake si ya kukusifia. Lakini ilipiga.

Wengi wenu mna kitu cha namna hii nyumbani na hamjui. Pasipoti mpya ya Kenya, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, ina chipu ndani yake. Chipu haina betri. Afisa wa uhamiaji akiiweka juu ya kisomaji, kisomaji ndicho kinachoipa nguvu na kuisomesha papo hapo. Kadi ya benki ile unayoigusisha kwenye mashine dukani ni hivyo hivyo. Umbali ni sentimita chache tu, na ndiyo sababu inafanya kazi: chanzo cha nguvu kiko pale pale.

Sasa vifaa vya kuvaliwa, maana vijana waliniandikia kuhusu saa. Saa ya kawaida ya mshale hutumia maikrowati moja au mbili, kwa hiyo betri yake bapa hudumu miaka miwili, mitatu. Saa ile janja inayopima mapigo ya moyo na kuonyesha ujumbe hutumia mara maelfu ya hiyo. Mawimbi hayataiendesha kesho. Mwili nao unaleta shida yake: sisi tumejaa maji, na maji hunyonya mawimbi, kwa hiyo antena iliyolala juu ya ngozi hupoteza sehemu kubwa ya kile ilichokusudiwa kukipata. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walionyesha antena laini yenye daiodi nyembamba mno, inayoweza kukunjwa kama kitambaa, ambayo ikiwekwa penye maikrowati 150 za WiFi ilitoa kama maikrowati 40. Hiyo ni kazi nzuri sana, na siku moja huenda ikawa kwenye plasta ya kupima joto la mgonjwa. Saa janja ni mazungumzo mengine.

Mahali ambapo nguvu bila waya imekwisha kubadilisha maisha ya watu ni ndani ya mwili. Mtoto aliyezaliwa bila kusikia anaweza kupandikizwa kifaa cha koklea sikioni. Sehemu iliyo ndani ya fuvu haina betri. Sehemu ya nje, inayoshikwa na sumaku juu ya ngozi, ndiyo yenye betri, na inapitisha nguvu na sauti pamoja kupitia kwenye ngozi bila tundu lolote. Mzazi akibadilisha betri, anaibadilisha mezani. Linganisheni na mashine ya kurekebisha mapigo ya moyo, ambayo betri yake iko kifuani, na ikikaribia kwisha baada ya miaka kadhaa mgonjwa anarudi kwenye chumba cha upasuaji. Mkitaka kujua kwa nini wanasayansi wanahangaika na maikrowati, jibu ni hilo. Wanakwepa kisu.

Nimefika kwa ng'ombe.

Tagi isiyo na betri kwa mifugo ni kitu halisi na ni kizuri. Hutumia masafa ya kilohezi 134.2, kwa viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785. Ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Tatu za kwanza zinaweza kuwa za nchi, na ya Kenya ni 404. Ukileta kisomaji karibu, tagi inapata nguvu, inasema namba yake, inanyamaza. Haiozi, haiishiwi, itadumu maisha yote ya mnyama. Botswana walienda mbali zaidi: walipoanza mpango wao wa kufuatilia mifugo mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwamezesha ng'ombe kidonge kizito cha kauri chenye chipu ndani, kikatulia tumboni. Mwizi anaweza kukata sikio. Tumbo hawezi. Jua halifiki tumboni, na betri huwezi kwenda kuibadilisha huko. Hapo mawimbi yanashinda bila mpinzani. Botswana walitaka soko la nyama la Ulaya, ambalo linataka kujua mnyama alitoka wapi, na namba hiyo iliwasaidia kujibu.

Lakini umbali wa kusoma ni kati ya sentimita chache na mita moja hivi. Nasema tena kwa ajili ya wazee walioketi nyuma: mita moja. Tagi hii inajibu ikiulizwa kwa karibu. Haijui iko wapi. Haiwezi kupiga simu. Ili kifaa kijue kiko wapi kinahitaji kusikiliza setilaiti, na kazi hiyo hula makumi ya miliwati. Kisha kinahitaji kuituma habari hiyo kwa mnara, na hapo kinakula zaidi. Mkikumbuka ile maikrowati 10 ya London, upungufu ni mara maelfu. Kola za shingoni zinazomfuatilia mnyama kwa setilaiti zipo, na zinafanya kazi, ila zina betri kubwa au sola, na bei yake si ya tagi.

Kwa hiyo anayewachangisha kwa ajili ya tagi ndogo isiyo na betri, ya kumwonyesha ng'ombe aliyeibiwa kwenye simu, anawauzia kitu ambacho hakipo. Ninasema hivi hadharani na nimekubali kichapishwe.

Pendekezo la kaunti ni tofauti. Tagi zinazopendekezwa ni za kutambulisha. Zitasomwa kwenye josho, wakati wa chanjo, mnadani, na kichinjioni. Ng'ombe aliyeripotiwa kuibiwa akifikishwa mnadani ambako kuna kisomaji, namba yake itamtaja mwenyewe. Asipopitishwa hapo, tagi haitasema neno. Mnaweza kuona kwamba hilo halitoshi, na mna haki ya kusema hivyo kwenye fomu ya maoni. Maoni yangu binafsi ni kwamba faida kubwa iko kwenye chanjo na soko. Wizi utapungua pale tu visomaji vitakapokuwa katika minada yote ya jirani, jambo ambalo kaunti moja haiwezi kulilazimisha.

Mita za maji nitazipitia haraka. Mita inakaa chini ya ardhi, mara nyingi chini ya mfuniko wa chuma, na chuma huzuia mawimbi. Kuvuna nguvu huko ni kujitafutia taabu. Mita nyingi za aina hii huwekwa betri ya lithiamu iliyokusudiwa kudumu miaka kumi au zaidi. Swali la kumuuliza mzabuni ni nani atalipa betri ikikwisha mwaka wa nne, na liandikwe kwenye mkataba. Zahanati nazo zinataka vipimajoto vya friji za chanjo, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ni sanduku la chuma. Kihisi kikiwekwa ndani bila antena ya nje, kitakufa njaa. Hayo ni mambo ya mafundi, lakini nayataja kwa kuwa vifaa huletwa, hupigwa picha siku ya uzinduzi, kisha baada ya miezi sita hakuna anayejua kwa nini vimenyamaza.

Je, mawimbi haya yatatudhuru? Kituo cha afya kimekuwa kikipokea swali hili. Viwango vinavyofuatwa na nchi nyingi, vya tume ya kimataifa iitwayo ICNIRP, vinaweka kikomo kwa umma kwenye masafa ya megahezi 900 kuwa wati 4.5 kwa mita mraba. Wastani uliopimwa London kwenye masafa hayo uko chini ya kikomo hicho kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ule uchache unaotunyima umeme wa bure ndio huo huo unaotuweka mbali na kikomo. Kifaa cha kuvuna hakiongezi wimbi lolote, kinapokea tu. Anayeongeza ni yule anayeweka mtambo wa kurusha nguvu, na mtambo wowote wa redio unatakiwa uwe umeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mkiletewa mtambo, ombeni cheti.

Betri, kwa upande mwingine, zinadhuru, na hapa naomba akina mama na akina baba wenye watoto wadogo wanisikilize. Zile betri bapa za duara, ukubwa wa sarafu, zilizo kwenye saa, rimoti, mizani ya jikoni na vidude vya kuchezea, mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Haisubiri dalili. Usimtapishe, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja na uwaambie ni betri. Zikikwisha nguvu kwenye kifaa bado zina nguvu ya kuunguza. Zifungeni kwa utepe na msizitupe shimoni wala jalalani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji na mwagizaji wabebe jukumu la taka ya bidhaa zao, na sisi kama idara tumependekeza kwamba zabuni yoyote ya vifaa vyenye betri ieleze nani atazikusanya.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwa kwenye ajenda, lakini nimeliomba. Kifaa kisicho na betri ni rahisi kukificha. Mwaka 1945 watoto wa shule mjini Moscow walimzawadia balozi wa Marekani nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Aliitundika ukutani. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin, kisicho na betri wala waya, kilichoamka pale tu mtu wa nje alipokirushia wimbi. Kilikaa ukutani hadi mwaka 1952 kilipogunduliwa. Miaka saba ya maongezi.

Silitaji kuwatisha. Nalitaja kwa sababu tagi ya ng'ombe ikisajiliwa kwa jina lako, namba ya simu na idadi ya mifugo, hiyo si habari ya ng'ombe tena, ni habari yako, na inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mna haki ya kujua ni nani anaihifadhi, kwa kazi gani, na nani mwingine anaiona. Mfugaji mwenye ng'ombe mia mbili hataki orodha hiyo imfikie mwizi. Kwenye rasimu ya pendekezo, ukurasa unaohusu usajili, sehemu hiyo kwa sasa ni fupi mno. Mimi ningependa muiandikie maoni mengi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Fomu za maoni ziko hapo mlangoni na kwa msimamizi wa kila wadi. Asiyeandika atasaidiwa kuandikiwa, na asomewe alichoandikiwa kabla hajaweka kidole. Waliokwisha kutoa pesa kwa wauza tagi za kufuatilia wabaki baada ya kikao, wakae na afisa wa biashara aliye kushoto kwangu, waje na risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu.

Sasa maswali. Tuanze na yule mama wa kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu nilipokuwa kwa Tesla.